Kununua nyumba Marekani kwa mogeji ukiwa mhamiaji: anza na karatasi, nyumba baadaye

Watu wetu wengi wakishatulia Marekani, wazo la nyumba linaanzia Zillow, ule mtandao wa nyumba zinazouzwa. Usiku baada ya shifti mtu anaperuzi, anaona nyumba ya vyumba vinne ina besimenti na garaji, Jumamosi anaenda kuitembelea na familia, watoto wameshachagua vyumba, halafu Jumatatu ndo anapiga simu benki kuulizia mkopo. Hapo ndo moyo unavunjika. Mi nakuomba ugeuze huo mpangilio. Mogeji, yaani mkopo wa nyumba, huku inapatikana au inakosekana mwaka mmoja au miwili kabla hujagonga mlango wowote, manake benki haiangalii tu una hela kiasi gani, inataka kujua hela hiyo imetoka wapi, imeingia lini na kwa jina la nani. Na hela zetu sisi zinapita mikononi sana, mara mchezo, mara Cash App ya shemeji, mara bahasha ya harusi, ni hela halali kabisa ila kwenye karatasi hazionekani, na hela isiyoonekana kwenye karatasi kwa benki ni kama haipo.

Kwa hiyo mwongozo huu nimeuweka kwa mpangilio wa karatasi. Nyumba yenyewe inakuja mbele huko.

Hatua ya 1: jua karatasi zako za uhamiaji zinakufungulia mlango gani

Kwanza toa hofu. Sheria ya Marekani haidai uwe raia ndo ununue nyumba, na hata grinkadi sio lazima. Kinachobadilika ni nani atakukopesha na kwa masharti gani.

Ukiwa na grinkadi, kwenye mogeji unahesabiwa karibu sawa na raia, programu nyingi ziko wazi kwako. Ukiwa uko kihalali ila huna grinkadi, tuseme una viza ya kazi au umepewa hifadhi na una kibali cha kazi, bado kuna mikopo ya kawaida inayopitia Fannie Mae na Freddie Mac. Hayo ni mashirika mawili makubwa yanayonunua mikopo kutoka kwa wakopeshaji, na yote yanakubali mkopaji asiye raia mradi awe nchini kihalali. Benki itataka kuona kibali ambacho hakijaisha, na kama kinakaribia kuisha itauliza ushahidi kwamba umeshaomba kuongezewa, kwa hiyo ile risiti ya maombi itunze.

FHA, shirika la serikali linalodhamini mikopo ya nyumba, ndo imebadilika, na hapa watu wanadanganyana bila kukusudia. Kuanzia tarehe 25 Mei 2025 FHA imeacha kudhamini mikopo ya wakazi wasio wa kudumu. Yule ndugu aliyenunua 2022 akiwa na kibali cha kazi tu akikwambia mi nilipata FHA, anasema kweli kabisa, ila mlango aliopitia umeshafungwa. Kama ulikuja kama mkimbizi, ukitimiza mwaka mmoja nchini unatakiwa kuomba grinkadi, usiiache ikakaa miaka minne eti hauna haraka, manake ndo inayokurudishia huo mlango.

Kama huna namba ya Social Security ila unalipa kodi kwa ITIN, FHA sio kwako, na Fannie na Freddie mara nyingi ni vigumu, lakini kuna vyama vya akiba na mikopo na benki ndogo ndogo zinazotoa mogeji kwa ITIN. Jiandae kwa kianzio, yaani hela unayotanguliza mwenyewe, kikubwa zaidi na riba ya juu zaidi. Na kununua nyumba hakukupi hadhi yoyote ya uhamiaji wala hakuzuii kuondolewa nchini, mtu akikuuzia nyumba kwa kukuahidi itakusaidia kesi yako, huyo ni wa kukimbia.

Sasa mambo mawili nayasema kwa uzito wote. Fomu ya maombi ya mogeji inauliza uraia wako: raia, mkazi wa kudumu, au mkazi asiye wa kudumu. Usikubali mtu yeyote, hata afisa wa mikopo mwenye haraka, akujazie raia wakati sio. Kudai uraia kwa uongo ni kosa ambalo linaweza kukufungia milango ya uhamiaji maisha yako yote, na kujitetea kwamba alijaza yeye mi nilisaini tu ni kazi ngumu mno. Soma ukurasa huo mwenyewe kabla ya kusaini.

La pili ni ile ya kununua kwa jina la ndugu mwenye karatasi nzuri. Naelewa inavyoanza, binamu ana grinkadi na krediti safi, wewe una hela, mnakubaliana achukue mkopo kwa jina lake halafu ulipe wewe. Mbele ya sheria hiyo ni udanganyifu wa mogeji, kosa chini ya sheria ya serikali kuu, lake na lako wote wawili. Halafu hati inasoma jina lake, wakiachana na mkewe, wakimshtaki, akifariki, wewe uliyelipa miaka sita huna hata mstari mmoja wa kukutetea.

Hatua ya 2: jenga krediti, na kagua kama ni yako kweli

Skoo ya krediti, alama inayoonyesha unavyolipa madeni, inaanzia 300 mpaka 850. Historia yako ya nyumbani haiji na wewe, hata kama ulikuwa na mkopo benki miaka kumi ukalipa vizuri, huku unaanza na ukurasa mweupe. Skoo ya FICO, ile inayotumika sana, haiwezi hata kutoka mpaka uwe na akaunti moja ya krediti iliyofikisha miezi sita.

Njia nyepesi ya kuanza ni kadi ya dhamana: unaweka tuseme dola 300 benki, wanakupa kadi yenye kikomo hicho hicho. Tumia kidogo, mafuta ya gari na simu basi, lipa yote kila mwezi kabla ya tarehe. Kulipa kwa wakati ndo asilimia 35 ya skoo yako, na kiasi cha deni ukilinganisha na kikomo ni kama asilimia 30, kwa hiyo kadi ya dola 300 ukiitumia mpaka 290 kila mwezi inakushusha hata kama unalipa yote. Kodi ya nyumba unayopanga nayo ilipe kwa njia inayoacha alama, cheki au benki, sio keshi mkononi kwa landilodi, manake toka 2021 mfumo wa Fannie Mae unaweza kuhesabu kodi iliyolipwa vizuri ikaonekana kwenye akaunti yako ya benki, na hata benki zisizofanya hivyo mara nyingi zitaomba ushahidi wa miezi 12.

Skoo za kulenga: FHA kwa kianzio cha asilimia 3.5 inataka 580 kwenda juu, na mikopo ya kawaida wakopeshaji wengi wanataka kuanzia 620. Ila ukiwa 620 riba yako na ya mtu wa 760 ni vitu viwili tofauti, kwa hiyo usifurahie tu kuvuka mstari.

Hapa kuna kitu watu wetu wanakipuuza sana. Nenda AnnualCreditReport.com, ni bure, chukua ripoti zote tatu, Equifax, Experian na TransUnion, usome jina kwa jina. Sisi tuna majina matatu, manne, na kila ofisi imeyapanga inavyotaka, jina la babu limekuwa la kati, la baba limekuwa la ukoo. Halafu wakimbizi wengi waliandikiwa tarehe ya kuzaliwa ni 1 Januari. Sasa chukua watu wawili wanaoitwa Hassan Mohamed Ali, wote 1 Januari, wote mji mmoja, ni rahisi kabisa deni la hospitali la mmoja likatua kwenye ripoti ya mwingine. Ukikuta akaunti usiyoijua, peleka malalamiko kwa maandishi kwa kampuni husika ya ripoti, wana siku 30 kwa kawaida kuchunguza. Fanya hii mapema, sio wiki ambayo umeshatoa ofa.

Hatua ya 3: kipato chako kiwe kwenye karatasi

Benki itaomba W-2, ile karatasi ya mshahara wa mwaka kutoka kwa mwajiri, na ritani za kodi za miaka miwili, stabu za mshahara za karibuni, na itakusainisha fomu ya 4506-C ili iangalie IRS, ofisi ya kodi ya serikali kuu, kama ulichowapa ndo ulichowasilisha. Kama ni mwajiriwa wa kazi moja mshahara wa saa 40, hatua hii ni nyepesi, pita.

Shida iko kwa kazi zetu zilivyo. Wengi wetu ni CNA, wasaidizi wa manesi, mtu ana kazi ya mchana nesingi hom moja na wikendi nyingine, na ovataimu juu yake. Anajua anaingiza dola 6,500 kwa mwezi, benki inamwambia tunahesabu 3,900. Anadhani amebaguliwa. Kumbe kazi ya pili na ovataimu kwa kawaida zinataka historia ya miaka miwili, wakati mwingine wanakubali kuanzia miezi 12 kama inaonekana itaendelea. Ukiacha ile kazi ya wikendi miezi mitatu ukaenda nyumbani likizo ndefu halafu ukarudi kwa ejensi nyingine, saa imeanza upya. Sikwambii usiende kumuona mama, nakwambia ukipanga kununua 2028, panga na safari pia.

Madereva wa lori na Uber wanaolipwa kwa 1099, yaani kama waliojiajiri, hapa msome polepole. Mtu wa kodi mzuri anakushushia kipato: mafuta, matairi, bima, maili, kila kitu kinakatwa, umeingiza dola 140,000, kodi unalipia 31,000, unafurahi. Benki inaanza na hiyo 31,000. Inaweza kurudisha vitu kama uchakavu wa gari, lakini mafuta na matairi hairudishi. Sisemi udanganye kodi kwa upande wowote, nasema kaa na mtu wako wa kodi miaka miwili kabla, umwambie nataka mogeji, na gharama ambazo sheria inakuruhusu kuchagua mchague mkijua bei yake.

Hatua ya 4: kianzio, na safari ya kila dola

Ile ya asilimia 20 sio lazima. FHA ni asilimia 3.5, mikopo ya kawaida kwa mnunuzi wa mara ya kwanza inaanzia asilimia 3, na kwa wale waliotumikia jeshi, VA inaweza kuwa sifuri kabisa. Majimbo karibu yote yana shirika la nyumba linalosaidia kianzio kwa wanunuzi wa mara ya kwanza, na kila moja lina masharti yake ya kipato na ya karatasi za uhamiaji. Njia ya kulijua la kwako ni kumuona mshauri wa nyumba aliyeidhinishwa na HUD, wizara ya nyumba, bure au kwa ada ndogo, piga 800-569-4287 uulize aliye karibu na wewe na uulize kama kuna mkalimani. Usimtumie mtoto wa miaka 12 kukutafsiria mambo ya mogeji, ni mzigo mkubwa kwake na maneno yenyewe hata mkubwa yanamshinda.

Zaidi ya kianzio kuna gharama za klozingi, siku ya kusaini na kukabidhiwa nyumba, kwa kawaida asilimia 2 mpaka 5 ya mkopo. Wengi wanaweka akiba ya kianzio halafu hii inawakuta mikono mitupu.

Sasa twende kwenye hela yenyewe. Benki kwa kawaida itaangalia stetimenti za miezi miwili na kila kiasi kikubwa kisicho mshahara itauliza, hii nini? Ukijibu ni ya mchezo, afisa hajui mchezo ni nini. Lakini wewe ujue kwamba FHA kwenye kanuni zake inavitambua vikundi binafsi vya akiba, yaani chama au upatu wetu huu huu. Wanataka ushahidi kwamba kikundi kipo na kimekuwepo muda gani, kwamba wewe ulipokea, na kwamba ulichopokea ulikichangia kweli, hukukikopa. Sasa hapo mwambie mweka hazina aache kuandika kwenye daftari la shule kwa kifupi kifupi. Awe na orodha ya wanachama, tarehe, kiasi, michango itumwe kwa benki au Zelle yenye jina kamili, na mwisho akuandikie barua amesaini. Na kama kikundi ni watu kumi, omba zamu ya mwisho au karibu na mwisho. Ukipokea wa kwanza, hela nyingi hiyo bado unadaiwa na wenzako, inakaa kama mkopo, ukipokea wa kumi ni akiba yako mwenyewe imerudi.

Zawadi kutoka kwa ndugu inakubalika, hata ndugu aliye nje ya nchi, ila inataka barua inayosema ni zawadi hairudishwi, pamoja na njia iliyopita hiyo hela. Kama umeuza kiwanja nyumbani, tunza mkataba wa mauzo, stetimenti ya benki ya kule inayoonyesha hela imeingia, karatasi ya kubadilisha kuwa dola, na kila kisicho Kiingereza kitafsiriwe. Tuma kwa benki, ifike kwenye akaunti yako ya Marekani miezi kadhaa kabla ya kuomba mkopo. Ukija nayo mkononi, zaidi ya dola 10,000 lazima uitangaze uwanja wa ndege, kuitangaza hakuna kodi wala adhabu, kutoitangaza ndo wanaichukua. Na tafadhali usisikilize ule ushauri wa kudipoziti 9,000 leo na 9,000 kesho ili benki isiripoti. Kugawa gawa hela makusudi kukwepa ripoti ni kosa la jinai lenyewe peke yake, hata kama hela ni ya halali kama maji ya kisima.

Hatua ya 5: piga hesabu ya mwezi mzima, sio ya riba tu

Tuchukue nyumba ya dola 300,000 kwa FHA. Kianzio asilimia 3.5 ni 10,500, mkopo unabaki 289,500. FHA inaongeza bima yake ya mwanzo asilimia 1.75, kama 5,066, kwa kawaida inaingizwa ndani ya mkopo. Kwa riba ya asilimia 6.5 miaka 30, rejesho ni kama 1,862 kwa mwezi. Halafu bima ya mwaka ya FHA, asilimia 0.55, ni kama 133 kwa mwezi. Kodi ya nyumba, ile ya serikali sio ya kupanga, tuseme 4,500 kwa mwaka, 375 kwa mwezi. Bima ya nyumba tuseme 150. Jumla unaenda kama 2,520, sio ile 1,862 uliyoona kwenye kalkuleta ya simu.

Kodi ya nyumba ndo inayowachanganya wengi, Texas na New Jersey zinajulikana kwa kodi kubwa, na nyumba mbili za bei moja katika kaunti mbili zinaweza kutofautiana mamia kwa mwezi. Kama nyumba ina HOA, chama cha wenye nyumba chenye ada yake, nayo iongeze.

Sasa tuseme mnaingiza 6,000 kwa mwezi kabla ya makato. 2,520 ni asilimia 42 ya hapo, sio raha ila inaweza kupita. Ongeza gari la mkopo la 550 kwa mwezi, umeshafika asilimia 51, na wakopeshaji wengi wanaanza kusita kati ya 43 na 50. Nyumba imebebwa na gari. Hii naiona kuliko sababu nyingine yoyote, mtu hajamaliza mwaka ameshachukua gari jipya la riba kubwa kwa kuwa krediti bado changa. Na ukimdhamini binamu mgeni kwenye mkopo wa gari lake, lile deni linahesabiwa lako mpaka uonyeshe ushahidi kwamba yeye ndo amelilipa mwenyewe kwa miezi 12. Kumsaidia msaidie kwa namna nyingine.

Hela unayotuma nyumbani kila mwezi benki haiihesabu kama deni. Wewe ihesabu. Mama yako hatapungua kula kwa sababu umenunua nyumba, kwa hiyo iweke kwenye karatasi yako mwenyewe kabla hujaamua nyumba ya bei gani.

Hatua ya 6: zungukia wakopeshaji, chukua karatasi ile ile kwa wote

Nenda kwa watatu angalau, benki kubwa, chama cha akiba na mikopo, na kampuni ya mogeji. Waombe ndani ya siku 14, skoo inahesabu kama krediti yako imeangaliwa mara moja tu. Ukishaomba rasmi, mkopeshaji lazima akupe Loan Estimate, makadirio ya mkopo, ndani ya siku tatu za kazi, ina kurasa tatu, na fomu ni ile ile kwa kila mkopeshaji nchi nzima, kwa hiyo unaziweka mezani sambamba. Ukurasa wa pili sehemu A ndo ada ya mkopeshaji mwenyewe, hapo ndo pa kubishania. Ukurasa wa tatu unaonyesha utakuwa umelipa kiasi gani baada ya miaka mitano. Mtu akikwambia nitakupa baadaye, we nenda kwingine.

Tofauti ndogo sio ndogo: mkopo wa dola 300,000 kwa asilimia 6.5 ni kama 1,896 kwa mwezi, kwa asilimia 7 ni kama 1,996. Dola mia kila mwezi, miaka 30.

Waislamu wanaokwepa riba wana njia pia, Guidance Residential na UIF zinafanya ununuzi wa nyumba kwa mfumo wa ubia au mauzo badala ya mkopo wa riba. Linganisha gharama zake kama unavyolinganisha wengine, na swali la kidini muulize shekhe unayemwamini.

Sheria ya mwaka 1974 inakataza mkopeshaji kukubagua kwa asili yako, dini au rangi. Anaruhusiwa kuuliza hadhi yako ya uhamiaji, haruhusiwi kukukataa kwa sababu unatoka Congo. Ukikataliwa, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi, idai.

Kuna mtego mmoja unalenga wahamiaji, hasa wanaokwepa riba au wasio na krediti: muuzaji anakwambia sahau benki, nilipe mimi moja kwa moja kila mwezi, hati nitakupa ukimaliza. Inaitwa contract for deed. Ukichelewa anaweza kukutoa na kila ulicholipa kikapotea, na Minnesota ambako ilishika wahamiaji wengi walibana sheria 2024. Usisaini hiyo bila wakili wako mwenyewe, sio wa muuzaji.

Hatua ya 7: sasa nyumba

Toka Agosti 2024 ajenti wengi watakutaka usaini mkataba wa maandishi kabla ya kukuzungusha kwenye nyumba. Soma muda wake na ada, vyote vinajadilika, omba mkataba mfupi kwanza. Ajenti wa kwenu anayeongea lugha yako ni baraka kama anajua kazi, ila undugu peke yake hautoshi.

Ukitoa ofa unaweka dipoziti ya kuonyesha nia, mara nyingi asilimia 1 mpaka 3. Kinachoilinda ni masharti ndani ya ofa: ukaguzi, mkopo kupatikana, na uthamini. Soko likiwa moto utashawishiwa kuyaondoa ili ushinde. Sharti la ukaguzi mi nisingeliachia hata siku moja. Mthamini wa benki anailinda benki, anaangalia bei, mkaguzi unamlipa wewe na anaangalia nyumba. Nenda naye siku hiyo, panda naye, shuka naye besimenti, muulize paa limebakiza miaka mingapi, furnesi ina umri gani, msingi una ufa, na omba kamera ipitishwe bomba la maji taka kama nyumba ni ya zamani. Nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 muuzaji lazima akupe taarifa ya rangi yenye risasi, na kama una mtoto mdogo hilo sio la kupita juu juu.

Uthamini ukija chini, tuseme mmekubaliana 300,000 mthamini kasema 290,000, benki inakopesha kwa 290,000. Ile 10,000 ama muuzaji ashuke, ama mgawane, ama uitoe mfukoni, ama uondoke na dipoziti yako kama sharti lilikuwepo.

Hatua ya 8: kaa kimya mpaka klozingi

Kuanzia hapa usibadilishe kazi, usinunue makochi kwa mkopo, usifungue kadi, usihamishe hamishe hela kati ya akaunti. Benki inaangalia krediti tena siku za mwisho.

Siku tatu za kazi kabla ya klozingi unapata Closing Disclosure, hesabu ya mwisho ya mkopo, kurasa tano. Iweke pembeni ya Loan Estimate, mstari kwa mstari, na jina lako lilingane na pasi na grinkadi herufi kwa herufi. Nunua na bima ya hati ya upande wako, inayokukinga mtu mwingine akija kudai nyumba, ile ya mkopeshaji haikulindi wewe.

Na maelekezo ya kutuma hela. Matapeli wanaingia kwenye imeili za kampuni ya hati, wanakutumia namba ya akaunti inayofanana kabisa na ya kweli, akiba ya miaka saba inaondoka kwa dakika kumi. Kabla ya kutuma, piga simu kwa namba uliyopewa mwanzoni uso kwa uso, sio iliyo kwenye imeili hiyo, wakusomee namba ya akaunti. Imeili ikisema tumebadilisha akaunti, chukulia ni wizi mpaka uthibitishe.

Baada ya funguo

Mkopo wako unaweza kuuzwa kwa kampuni nyingine hata mwezi wa pili, ni kawaida. Utapata barua kutoka kwa wa zamani na wa mpya, kama ni ya upande mmoja tu piga simu kwa unayemjua kwanza. Ukilipa kwa wa zamani kwa wakati kimakosa, siku 60 za mwanzo hawaruhusiwi kukuhesabia umechelewa.

Uliza kaunti yako kuhusu punguzo la kodi kwa nyumba unayoishi mwenyewe, majimbo mengi wanalo lakini lazima uombe na lina tarehe ya mwisho. Zile barua zinazodai uwalipe ili upate nakala ya hati yako tupa, nakala inapatikana kaunti kwa bei ndogo.

Kama una mkopo wa kawaida wenye bima ya PMI, ile inayomlinda mkopeshaji, deni likishuka mpaka asilimia 80 ya bei ya awali andika barua kuomba iondolewe, likifika 78 kwa ratiba ya malipo sheria inawalazimu waiondoe wenyewe kama hujachelewa malipo. Kwa FHA yenye kianzio chini ya asilimia 10 bima inakaa maisha yote ya mkopo, njia ya kutoka ni kubadilisha uwe mkopo wa kawaida, kwa hiyo kila mwaka angalia skoo yako, deni lililobaki na riba zilizopo, na siku hesabu ikikubali baada ya kutoa gharama za klozingi mpya, rudi hatua ya 6 uombe Loan Estimate tatu kama mwanzo.